Uji Usioonjwa

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa nilimvunja mkono mama mmoja, na sikumgusa hata kwa kidole. Naanza na hilo mapema ili usije ukanionea huruma njiani, maana mbele kuna mahali ambapo mimi nalia, na machozi ya mtoto hudanganya watu. Mungu anajua nililia kwa sababu gani.

Tulikaa Yeoville, mtaa wa Johannesburg, Afrika Kusini, katika nyumba moja kubwa ya zamani iliyokatwakatwa kwa mbao na mapazia mpaka ikawa vyumba kumi na kitu. Sisi tulikuwa na chumba cha mbele: Papa, Mama, mimi Nsimire, na mdogo wangu Akonkwa, mwenye miaka minne. Wazazi wangu walitoka Bukavu, Kongo. Papa alilinda maduka usiku. Mama alisuka nywele saluni, na Jumamosi ndiyo siku ambayo hakuweza hata kukaa chini. Chumba cha nyuma, karibu na bomba la uani, alikaa mama mmoja wa Tanga aliyeuza kanga na viungo sokoni Newtown. Watanzania wenzake walimwita Bi Mwantumu, nasi tukamwita hivyohivyo.

Kabla sijaendelea, nikueleze jambo la kwetu, la sivyo utatuona wendawazimu tu. Kwetu kuna kitu kinaitwa karuho. Ni sumu. Wanasema haina rangi wala harufu, mtu anaificha chini ya ukucha wa kidole gumba, anakupa chai, kidole kinagusa ukingo wa kikombe, basi. Tumbo likikuuma, ukikonda, mtoto akiharisha, swali la kwanza si "ana nini?" Swali la kwanza ni "alikula kwa nani?" Ndiyo maana kwetu anayekupa kitu cha kunywa anaonja kwanza, mbele ya macho yako. Anafungua chupa unaona, anameza kidogo, ndipo anakupa. Ni adabu kama kusalimia. Nyanya yangu aliyebaki Bukavu alimkumbusha Mama kila walipoongea kwenye simu: watoto wafundishwe kuangalia kama mtu ameonja. Sijui kama mimi niliamini au sikuamini. Nilikuta jambo hilo chumbani, kama nilivyokuta jiko na kitanda.

Na karuho ina watu wa kuitoa. Wa kwetu alikuwa Papa Buhendwa, mtu mpole, mcheshi, mwenye peremende mfukoni kwa ajili ya watoto. Alikuwa na chupa ya plastiki yenye maji meusi. Ukiyanywa, unatapika mpaka kitu kinatoka. Mwaka mmoja kabla ya haya nilimwona akimnywesha binamu yangu. Watu wanne walimkalia, mmoja kwa kila mkono na kila mguu. Papa Buhendwa akamziba pua, na alipofungua mdomo kutafuta hewa, akamsukumia kijiko mpaka kooni. Binamu aliking'ata kijiko mpaka ufizi ukatoka damu. Mwishowe alitapika kitu cha kijani na wakubwa wakapiga makofi: "Hiyo! Hiyo ndiyo yenyewe!" Leo najua kwamba ile ilikuwa nyongo, ambayo sote tunayo. Lakini siku ile niliapa kimoyomoyo kwamba chupa ile haitagusa mdomo wangu, hata nife.

Ilikuwa majira ya baridi, Julai, baridi kavu ya Joburg inayopasua midomo na kukausha pua mpaka zinatoka damu. Wiki mbili kabla ya siku ninayoisimulia nilipata mafua mabaya. Mama alikuwa saluni, Papa amelala. Bi Mwantumu alinikuta kwenye bomba nakohoa.

"Hebu njoo wewe," alisema. "Mbona unakohoa kama gari bovu? Injini yako imeingia maji?"

Alichemsha majani ya mkaratusi aliyoyachuma mwenyewe juu kule kilimani Observatory, akaweka sufuria chini, akanifunika blanketi, akanikalisha mbali kidogo nisije nikaungua. "Vuta polepole. Si mashindano." Pua zikafunguka. Kisha akanipa tangawizi iliyochemshwa na limau na asali, na maji ya chumvi nisukutue koo, akaniambia nilale nisiende kucheza. Kabla ya kunipa ile tangawizi alionja, kwa sababu alishatujua. Alicheka akasema, "Haya, afisa, nimeonja, naweza kupita?" Jioni Mama alimshukuru mpaka akamsuka bure.

Hivyo usiseme tulikuwa maadui. Hapana. Tulimpenda.

Wiki ya pili yake, siku ya Alhamisi, tumbo langu likageuka shuleni. Nilitapika chooni mara tatu. Ijumaa niliharisha kutwa, lakini niliinuka, nikajichekesha, nikala kidogo mbele ya Mama, kisha nikaenda kukitoa kile chakula nyuma ya choo. Sikusema. Unajua kwa nini. Niliiona ile chupa nyeusi kila nilipofumba macho. Na katika kuficha kwangu niliendelea kunywa kikombe kimoja na Akonkwa, kulala naye shuka moja, na kumlisha mkate kwa mikono ambayo sikuinawa vizuri, maana maji ya bomba yalikuwa barafu. Jumamosi alfajiri Akonkwa aliharisha kitandani. Mama alikuwa anajiandaa upande wa pili wa pazia. Nikamtoa mtoto kimya, nikamwosha kwenye bomba akitetemeka meno yanagongana, nikaficha kaptura yake chini ya ndoo. Nikamwambia, "Ukimwambia Mama, Papa Buhendwa anakuja." Naye akanyamaza. Hata yeye aliijua chupa.

Saa tatu hivi za asubuhi, Mama alishaondoka na Papa alisharudi kutoka kazini na kulala, Bi Mwantumu alituona tumekaa ukutani tunaota jua. Akamtazama Akonkwa, akamgusa shavu.

"Huyu tumbo lake haliko sawa."

"Hapana, Bi, ana usingizi tu."

Alinitazama, hakunibishia. Akaingia ndani, akatoka na uji wa mchele mwepesi, vibakuli viwili. Nilimsubiri aonje. Mazoea tu. Akaona macho yangu, akatabasamu.

"Leo mwenzio siwezi. Mie nimefunga, nalipa siku zangu za Ramadhani. Kula, mwanangu, uji wa moto hauna maneno."

Nikala. Akonkwa akala vijiko vinne. Uji ulikuwa mtamu.

Kufika saa sita mtoto alikuwa anatapika kila akimeza mate. Alitapika uji, kisha maji, kisha kitu cha njano, na chini alikuwa anatoka maji matupu. Nilikimbia saluni kumwita Mama kwa sababu sasa haikufichika. Alikuja mbio na kitana bado kiko kichwani mwake, akamwinua Akonkwa, akamnusa mdomo.

"Alikula kwa nani?"

Nikaokota kitambaa, nikaanza kufuta matapishi.

"Nsimire! Alikula kwa nani?"

Papa aliamka. Simu zikapigwa. Haikupita nusu saa Papa Buhendwa alikuwa mlangoni kwetu na chupa yake, na nyuma yake wanaume watatu wa nyumba ile, watu wa kwetu, wenye nia njema kabisa. Walimlaza Akonkwa mkekani. Papa mwenyewe ndiye aliyemshika miguu. Mtoto hakuwa na nguvu ya kupigana kama binamu yangu alivyopigana. Aligeuza tu kichwa huku na huku, huku na huku, akisema "Ya Nsimire, Ya Nsimire," ndivyo alivyoniita, dada. Wakamziba pua. Maji meusi yakaingia. Akatapika mpaka mishipa ya shingo ikasimama kama kamba, akavuta pumzi, wakampa tena. Mara ya tatu hakuna kilichotoka. Mwili ulijikunja tu wenyewe, mtupu, na sauti iliyotoka haikuwa ya mtoto.

"Haitoki," alisema Papa Buhendwa, akijifuta jasho. "Ni ya nguvu. Lazima tumjue aliyempa. Yule naye alikula?" Akanielekeza kidole. "Alikula pamoja na mdogo wake? Basi na yeye imo. Mlete."

Papa akanishika mkono juu ya kiwiko. Nilisikia harufu ya ile chupa, kama majani yaliyooza na mafuta ya taa. Hapo ndipo nilipolia. Na hapo ndipo nilipofungua mdomo.

"Ni Bi Mwantumu! Alitupa uji!"

Mama akauliza swali moja, polepole.

"Alionja?"

"Hakuonja."

Ona: maneno hayo yote yalikuwa kweli. Nimeyachunguza miaka mingi, kila neno, kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. Alitupa uji, kweli. Hakuonja, kweli. Nilichonyamazia ndicho kilichokuwa uongo. Papa aliniachia mkono. Chupa ikawekwa chini. Nikaokoka.

Mlango wa Bi Mwantumu ulikuwa wa mbao nyembamba. Papa hakuugonga, aliupiga teke ukavunjika katikati, na rungu lake la kazini lilikuwa mkononi. Walimkuta kwenye mswala. Walimburuta kwa ushungi wake mpaka uani, mgongo ukipiga ngazi moja moja, na Mama yangu, mwanamke aliyelia kanisani akisikia watoto wakiimba, alimrukia akampiga kofi, kisha kofi, kisha akamkwaruza uso kwa kucha.

"Umemuua mwanangu! Kwa nini hukuonja? Kwa nini hukuonja, mchawi weye?"

"Nimefunga, jamani! Nimefunga!"

"Lete uji wake!" alisema Papa Buhendwa. "Anywe sasa hivi tumwone!"

Sufuria ililetwa, uji uliobaki umeganda chini. Wakamwekea mdomoni. Bi Mwantumu akafunga meno. Jua lilikuwa bado juu. Alikuwa ameshika funga yake tangu alfajiri, na hata pale, amepigishwa magoti, damu inamtoka puani, aliishikilia. Sisi hatukuona funga. Tuliona mtu anayekataa kuonja chakula chake mwenyewe. Je, unahitaji ushahidi gani zaidi? Mmoja wa wale watu alisema maneno hayo hasa.

"Muulizeni Nsimire!" Bi Mwantumu alipiga kelele. "Nilimwambia nimefunga! Mtoto alikuja kwangu mgonjwa tayari, muulizeni dada yake!"

Wote wakageuka. Papa akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi, na nakuapia, yalikuwa yananiomba. Kama ningesema ndiyo, angeacha. Mpaka leo naamini alitaka niseme ndiyo.

"Alikwambia?"

Papa Buhendwa alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwangu, na chupa mkononi.

"Sijui," nikasema.

Rungu likashuka. Bi Mwantumu aliinua mkono kukinga kichwa, na mfupa ukalia. Sitaki kukueleza ulivyolia. Nitasema tu kwamba kuku wa jirani waliacha kupiga kelele. Walimfungua mdomo kwa mpini wa kijiko, jino moja la mbele likakatika, wakamsukumia uji ule mpaka akameza. Alipomeza alitoa kilio ambacho hakikuwa cha mkono. Wakasubiri. Hakutapika. Hakuanguka.

"Unaona?" alisema Papa Buhendwa. "Alishakunywa dawa yake mbele. Wanajikinga hao."

Hivyo angekufa ingekuwa amejiua kwa sumu yake, na hakufa ikawa amejikinga. Nikiwa na miaka tisa niliona kwamba hapakuwa na mlango wowote wa yeye kutokea, na mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo.

Kelele zilikuwa zimefika barabarani. Geti letu halikuwa na kufuli. Watu wakaingia, Wazulu, Wazimbabwe, vijana waliokuwa wanapita tu, na neno likatembea mdomo kwa mdomo: umthakathi, mchawi. Mtu hahitaji kujua Kizulu kuona neno hilo linavyobadilisha nyuso. Jiwe la kwanza likampata begani. Kijana mmoja akaenda kwa fundi wa magari wa jirani akarudi anaviringisha tairi. Wewe uliyekaa nchi hii unajua tairi ni la nini: mtu huvishwa shingoni, akachomwa. Na mwingine alishatoa dumu la petroli.

Getini petu aliuza machungwa bibi mmoja Mzulu. Sisi watoto tulimwita Gogo tu, kama kila bibi wa huku. Alikuwa mnene, magoti mabovu, kutembea kwake kulikuwa shida. Alimkuta yule kijana ameweka tairi chini apumzike. Gogo akalikalia. Alijishusha taratibu akiugua, akalikalia kama kiti, akatandaza sketi yake.

"Eish, Gogo, ondoka," kijana alisema.

"Magoti yanauma," alisema Gogo kwa Kizulu. "Niinue wewe, kama mama yako alikufundisha kuvuta bibi kwa nguvu."

Watu wengine wakacheka. Kijana akaona haya, akavuta tairi kidogo, Gogo hakusogea. "Anza na mimi," alisema. "Mimi nimeshaishi." Sasa hakucheka mtu.

Na katika kimya hicho kifupi sauti ya Mama ilitoka chumbani. Alikuwa amerudi kumwangalia mtoto.

"Akonkwa hanijibu! Papa Nsimire! Hanijibu!"

Papa akatupa rungu, akakimbia ndani, akatoka na mwanawe begani. Kichwa cha Akonkwa kilikuwa kinaning'inia. Macho yalikuwa yamezama ndani, nusu wazi, midomo myeupe imeshikana. Papa Buhendwa alianza, "Mleteni, tumpe mara nyingine," na ndipo Bi Mwantumu, chini kwenye vumbi, mkono umepinda mahali usipopaswa kupinda, alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa:

"Msimpe kitu hicho, mtamuua. Amekauka. Mkimbizeni hospitali."

Papa alimtazama. Sijui aliona nini. Alipita katikati ya watu wale akiwa anakimbia, Mama nyuma yake, mimi nyuma ya Mama. Tulivuka robot, taa za barabarani, zikiwa nyekundu, gari likapiga breki, dereva akatutukana, hatukusimama. Wenye ugomvi wakiondoka, wengine hubaki hawajui wanachofanya pale. Niliambiwa baadaye kwamba watu walitawanyika mmoja mmoja, na Gogo akakaa juu ya tairi mpaka wa mwisho wao alipoondoka.

Hospitalini, kwenye benchi la watoto, ndipo nilipopata hukumu yangu. Benchi lilikuwa limejaa. Mtoto wa Kixhosa anatapika kwenye mfuko wa plastiki. Pacha wa Kizimbabwe wameharisha mpaka hawawezi kulia. Mtoto wa Kihindi mikononi mwa baba yake aliyevaa tai. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kula uji wa Bi Mwantumu.

Walimtia Akonkwa sindano ya maji kwenye mkono, mshipa ulikataa, wakajaribu kichwani. Papa alipokuwa kwenye foleni ya kuandikisha mtoto, Mama alimwuliza nesi kwa Kiingereza chake kilichovunjika kama ni sumu. Nesi, mama mtu mzima, alikuwa amechoka siku ile.

"Sumu? Mama, tazama benchi. Ni mdudu wa tumbo, anapita kila baridi. Na nani amempa mtoto huyu dawa ya kutapisha?" Hakungoja jibu. "Mtoto anayetapika na kuharisha anahitaji maji tu, mengi, kidogokidogo. Lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vya chai vinane vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, na vijiko vyote uvisawazishe juu, chumvi isizidi. Akitapika, ngoja kidogo, mpe tena, kijiko kwa kijiko. Akizidiwa, macho yakizama, hakojoi, mlete mapema. Spaza yoyote, kila kiduka cha mtaani, ina sukari na chumvi." Kisha akainama kwangu. "Na wewe, msichana, uliumwa tumbo juzijuzi?"

Nilikuwa nimechoka kudanganya. "Alhamisi," nikasema. "Na yeye alianza alfajiri, kabla ya kula."

Kiingereza hicho Mama alikielewa. Alikaa sakafuni pale pale kwenye korido, miguu imenyooka mbele kama mtoto, akatazama kucha zake. Zilikuwa na damu. Akasema, hakunitazama:

"Usimwambie Papa yako."

Sikumwambia. Papa alifariki miaka mingi baadaye akiamini kwamba aliwahi kumpiga mchawi, au labda hakuamini na aliogopa kuuliza. Sisi sote tulikula meza moja miaka yote hiyo na jambo hilo halikutajwa. Mama naye alinyamaza, ila hakukubali tena Papa Buhendwa akanyage mlango wetu. Nimeungama kwa mchungaji wangu, nimefunga na kusali, na najua Mungu husamehe. Lakini aliyevunjwa mkono si Mungu.

Akonkwa alirudi nyumbani siku ya nne. Wiki tatu baadaye Bi Mwantumu alikuja na mtoto wa dada yake kuchukua vitu vyake, mkono ndani ya plasta, mdomo una pengo. Hakwenda polisi, karatasi zake za kukaa nchini hazikuwa sawa, na polisi wangeanzia hapo. Nilijificha nyuma ya pazia, lakini aliniona. Akasimama.

"Mdogo wako amepona?"

"Amepona, Bi."

"Alhamdulillahi," akasema. Akangoja. Nadhani alinipa nafasi, kama siku ile ya uji alipojua namdanganya akanyamaza. Nikatazama miguu yangu. Akachukua mfuko wake kwa mkono mzima akaondoka, na wanasema alirudi Tanga.

Kwa miaka nilijitetea kwamba nilikuwa mtoto. Ni kweli nilikuwa mtoto, na ndiyo hofu yangu hasa. Nilikuwa naogopa, na watu wazima wote wa chumba kile, walionipenda, walitaka kitu kimoja tu kutoka kwangu: jina. Mtoto anayeogopa atatoa jina. Atatoa lililo karibu zaidi, na mara nyingi la karibu zaidi ni la mtu aliyemtendea wema.

Sasa nina saluni yangu ndogo, na binti wa miaka mitano. Baridi iliyopita alianza kutapika mchana mmoja wateja wakiwa wamejaa. Nilikuwa nampa maji yake ya sukari na chumvi kwa kijiko, pale kwenye kiti cha kusukia, mama mmoja wa kwetu, mteja wangu wa siku nyingi, mtu wa maombi, akainama akamshika mtoto kidevu kwa upole.

"Pole, mama yangu. Leo ulikula kwa nani?"

Binti yangu alikuwa na homa, macho yanang'aa. Aliangalia huku na huku saluni, akimtafuta mtu wa kumtaja. Akafungua mdomo. Nikaacha kijiko kikaanguka, nikamziba mdomo kwa kiganja changu mbele ya watu wote, kwa nguvu mpaka akashtuka akalia, na yule mama akanitazama kama mwenye wazimu.

Basi ndugu yangu, dada yangu, wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, nakuomba jambo moja. Mtoto wako akiumwa tumbo, mpe maji, mpeleke kwa wanaojua kutibu, msalie ukipenda. Ila usimuulize jina la mtu.